Kutoka Maonyo 187 Hadi Sifuri

Jumatatu, 14 Julai

Leo nimekuwa mtaalamu wa usalama wa programu. Saa nne asubuhi nilikuwa bado Nicolaus mwenye steshenari, Manundu, Korogwe, mtoa kopi za vyeti na mpiga picha za pasipoti. Saa tano nikawa mtaalamu. Mambo makubwa hayapigi hodi mara mbili.

Ilikuwa hivi. Mzee Sabiri, mwenyekiti wa kamati ya maji ya kitongoji cha Kwesungura, kule njia ya Mkumbara, aliingia dukani kutoa kopi ya tangazo. Mimi tangazo la mtu sitoi kopi bila kulisoma. Kumbe kamati imefunga mtambo mpya wa maji! Unatuma ujumbe kwa simu, unaandika MAJI na idadi ya ndoo, koki inafunguka yenyewe. Ndoo zikijaa, inajifunga. Programu inayouendesha mtambo imeandikwa kwa lugha ya kompyuta iitwayo C, na kijana mmoja wa Handeni, Godfrey. Sasa kabla ya uzinduzi, kamati inataka mtu wa kupekua maandishi ya programu hiyo aone kama yana mianya ya hatari. Atakayefanya vizuri ndiye atakuwa Mtaalamu wa Mtambo. Ajira. Ofisi. Ufunguo wa ofisi. Kiti cha kuzunguka.

Kiti cha kuzunguka!

Nikamwambia Mzee Sabiri asihangaike kubandika matangazo, mtu mwenyewe ndiye mimi. Akauliza kama nimeyasomea mambo hayo. Nikamjibu nimeyaishi. Akaniombea heri, akachukua kopi zake ishirini, akaenda kuzibandika zote.

Jioni nikamweleza mke wangu Asnath. Alikuwa anachambua mchicha, hakuacha. Akasema alisikia habari zangu za kufuga kware, akasikia za sabuni ya mwarobaini, akasikia za mashine ya kutotolesha vifaranga iliyochemsha mayai yote. Hii ya sasa ameisikia pia. Ila ikianguka, tunafunga duka tunahamia Mpale kwa baba yake kulima maharage. Wala hakufoka. Aliisema kama mtu anayetaja siku ya gulio.

Mpale! Baba mkwe huamsha watu saa kumi na moja alfajiri. Na mwaka wa tisa huu bado ananiita mgeni.

Jumanne, 15 Julai

Nina mpinzani. Getruda, fundi simu, meza yake inatazamana na mlango wangu. Naye ameomba kazi ileile! Huyu dada alisoma kompyuta chuoni miaka miwili na hajawahi kujisifu hata siku moja. Hayo ndiyo majivuno yenyewe.

Godfrey ametutumia maandishi ya programu. Mistari elfu mbili na mia tatu. Nimefungua. Mabano. Nyota. Nuktamkato. Ukurasa wa kwanza nimeusoma mara tatu na neno pekee nililolielewa ni jina la Godfrey.

Getruda amekuja kuchapisha nakala yake kwangu, kwenye mashine yangu, mbele ya macho yangu. Kisha amekaa mezani kwake na penseli, anasoma mstari kwa mstari kama anachambua mchele. Maskini! Karne hii, na penseli!

Mimi nimepata kitu mtandaoni. Bure. Kinaitwa kikaguzi: unakilisha maandishi ya C, kinapita mbio na kukuonyesha kila mahali kinaposhuku pana hatari. Nimekilisha. Sikumaliza hata kupiga chafya. Maonyo mia na themanini na saba!

Nimeruka hadi nikagonga feni. Getruda ameinua kichwa, akauliza kama nimepigwa shoti.

Jumatano, 16 Julai

Siku nzima nachapisha. Maonyo mawili kila ukurasa, kurasa tisini na nne. Kila onyo lina daraja, kuanzia moja hadi tano. Sijui tofauti ya daraja na daraja, lakini kwa nini nijue? Anayepiga tarumbeta harusini si lazima awe bwana harusi.

Nimeifunga ripoti kwa waya wa spairo. Jalada nimelifunika plastiki kwa mashine, na juu yake picha yangu yenye tai, nyuma bluu. Asnath ameishika, ameipima uzito kwa mkono, ameniuliza ndani mna nini. Nikamwambia mna mustakabali wetu. Akairudisha mezani taratibu.

Alhamisi, 17 Julai

Ushindi!

Kikao cha kamati, Kwesungura, chini ya paa la ofisi ya kitongoji. Getruda alitangulia. Karatasi moja. Moja tu! Akasema amekuta mianya mitatu, akaieleza kwa sauti ya chini, akakaa.

Nikasimama mimi. Ripoti nikaiangusha mezani kwa makusudi, ikalia pu! Wajumbe wakashtuka. Nikatamka: mia na themanini na saba. Nikanyamaza ili iwaingie. Mzee Sabiri akafunua, akafunua, akavua miwani, akaivaa tena. Mjumbe mmoja akauliza hatari kubwa kuliko zote ni ipi. Nikamjibu kwamba kwangu hatari zote ni sawa, sina upendeleo.

Getruda akaomba kusema neno. Eti mengi katika yale maonyo si mianya. Eti kikaguzi kina woga, kinaonya kila kinapoona amri inayoweza kuleta madhara, hata kama mwandishi ameshaiwekea kinga. Kazi ya mtu ni kupitia onyo moja moja na kutenga la kweli na la bure. Akasema kikaguzi ni mbwa, kazi yake kubweka, ila mwenye nyumba lazima atoke nje aone kama ni mwizi au ni mbuzi.

Nikamuuliza mbele ya wote: wewe usiku ulale na mbwa aliyebweka mara tatu au aliyebweka mara mia na themanini na saba? Kicheko! Makofi! Hata Mzee Sabiri mabega yalitikisika. Mwenye wivu ajinyonge.

Kisha pakatokea jambo dogo. Mzee Sabiri alisema vema, kwa kuwa kila mmoja ameiona mianya yake, kila mmoja aizibe kwenye nakala yake, tukutane Jumanne. Atakayebakiwa na michache ndiye mtaalamu.

Kuziba? Sikujua kwamba anayeona tundu ndiye anayeziba.

Ijumaa, 18 Julai

Nimepata njia saa tatu asubuhi. Rahisi mno. Nimefuta kila mstari ulioonywa. Mistari 187, futa, futa, futa! Nimerusha tena kwenye kikaguzi. Kimya. Hakuna hata onyo moja. Nimemtumia Godfrey aijaribu.

Amepiga simu saa nne. Akasema programu haiwaki kabisa, nimeitoa moyo na mapafu. Akaniuliza kama fundi cherehani akiletewa suruali yenye tundu huwa anakata mguu wa suruali. Akaniambia nazingua. Mimi, mtu mzima, nina mtoto darasa la tano! Kisha akaongeza kwamba habari zimefika Handeni kuwa ameandika kitu chenye matundu 187, na mama yake kanisani haulizwi kingine.

Kwa hiyo amekasirika. Mtu akikasirika huwa anaongea sana. Akiongea sana atafundisha bila kujua. Kesho naenda Handeni.

Jumamosi, 19 Julai

Handeni. Mama yake Godfrey alinipa ugali na mlenda wa kutosha, ila hakunipa neno hata moja zaidi ya karibu. Nikala vizuri.

Godfrey akatulia baada ya chakula. Akanieleza kwa kikombe cha chai. C, anasema, haikupimii. Wewe unatenga chombo cha herufi thelathini. Mtu akimimina herufi mia, C haikatai, haipigi kelele, inamimina tu. Zinazozidi zinamwagikia kilichokaa jirani. Na jirani yake panaweza kuwa pamekaa amri muhimu, mfano ile ya kufunga koki. Basi amri inaharibika na hakuna anayejua. Akamimina chai mpaka ikafurika mezani, ikanilowesha suruali. Dawa yake ni kupima kabla ya kumimina. Akaniuliza kama nimeelewa. Nikasema suruali imeelewa.

Halafu, katika kupangusa meza, akasema jambo la thamani kuliko yote. Ukishakagua mstari na kuridhika kwamba ni salama, unaweka alama fulani fupi pembeni yake. Kikaguzi kikiiona ile alama kinapita bila kubweka.

Nikamwomba aniandikie hiyo alama kiganjani. Akaiandika, akasisitiza: kwanza kagua, uridhike, ndipo uweke. Ndiyo, ndiyo. Nilikuwa nimeshavaa viatu.

Jumapili, 20 Julai

Kutoka kanisani moja kwa moja dukani. Nimeweka alama. Mstari wa kwanza, alama. Wa pili, alama. Kufikia wa mia kidole cha shahada kilikuwa kimekufa ganzi, nikaendelea na cha kati. Saa kumi alasiri nimemaliza zote 187. Hakuna mstari niliouonea wala niliouacha.

Nimerusha kwenye kikaguzi.

SIFURI!

Nilipiga kelele. Asnath alitoka jikoni, nyuma ya duka, na mwiko akidhani nyoka. Nikamwonyesha kioo cha kompyuta. Akauliza nimerekebisha nini. Nikasema vyote. Akauliza kama kipi. Nikamwambia ni mambo ya ndani. Akarudi kwenye ugali wake.

Godfrey ameijaribu. Inawaka! Maana sikubadilisha kitu. Huo ndio ufundi.

Jumanne, 22 Julai

Naandika haya nikiwa nimekaa kwenye kiti cha kuzunguka.

Getruda alileta karatasi yake. Mianya miwili ameiziba. Wa tatu bado: ni pale ujumbe wa simu unaponakiliwa kwenye kile chombo cha herufi thelathini. Akaomba siku tatu yeye na Godfrey wapapime vizuri. Kwa hiyo amebakiwa na mmoja.

Mimi nikafunua jalada jipya. Neno moja, rangi ya dhahabu: SIFURI. Nikaacha lizungumze lenyewe.

Sifuri kwa moja! Kura tisa kwa mbili! Nimepewa ufunguo. Nimepewa fulana iliyodariziwa MTAALAMU. Nimezunguka kwenye kiti hadi Mzee Sabiri aliponijia kunipa mkono akakuta nimetazama ukuta.

Getruda alinipongeza, tena bila kununa, jambo lililoniudhi. Akaniambia: kaka Niko, kabla ya uzinduzi hebu jaribu kutuma ujumbe mrefu. Nikamuuliza nani mwenye akili atakayeliandikia bomba barua. Nikamtolea na methali, kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji. Akajibu kwamba yeye hana wasiwasi na ng'ombe, ana wasiwasi na hayo maji. Akaenda zake. Hajui kushindwa, huyu dada.

Asnath amesikia nimepata kazi. Amekaa chini. Amesema Mungu mkubwa. Kisha ameniuliza mara mbili kama ni kweli.

Ijumaa, 25 Julai

Nimefanya majaribio, nisije nikaambiwa sikufanya. Nimetuma MAJI 1. Koki imefunguka, imejaza, imejifunga. MAJI 2, safi. MAJI 3, safi. Nikathubutu hata MAJI 10. Safi!

Kamati imeamua atakayefungua kesho ni Bibi Mwaija, mkubwa kuliko wote hapa. Bibi huyu alikuwa karani enzi za mashamba ya mkonge, mwanamke pekee ofisini, na mwandiko wake bado wazee wanausifia. Sasa magoti yamechoka. Kila siku anashuka mferejini na ndoo moja, anapanda nayo, anapumzika mara nne njiani. Nilimpitia nimweleze kazi ya kesho. Aliniambia ameyasubiri maji haya tangu alipoolewa. Alisema hivyo akicheka, lakini mimi nikaitazama ndoo yake. Nikajikumbusha kwamba mimi ni mtaalamu.

Nikamfundisha: bibi, andika MAJI, weka nafasi, andika 2. Basi. Akasema amenisikia, mimi mjukuu wake, kuandika ndiyo kazi aliyolelea watoto.

Jumamosi, 26 Julai

Niandikeje?

Watu walikuwa wengi. Mahema mawili, spika, pilau. Bibi Mwaija akavaa miwani, akashika simu yake ya vitufe, akaanza kuandika kwa kidole kimoja. Dakika moja. Dakika tano. Nikadhani macho. Dakika kumi na tano! Mshereheshaji alikuwa ameishiwa utani. Mwishowe bibi akabonyeza, akatabasamu, akaikunja miwani.

Kimya.

Kisha koki zote nne zikafunguka kwa mpigo. Vigelegele! Nikainua mikono juu. Ndoo mbili za bibi zilikuwa bado kwenye foleni, mwenyewe amewapisha wengine. Ndoo za kwanza zikajaa. Zikafurika. Koki hazikujifunga. Wakaweka nyingine. Hazikujifunga.

Baadaye nimeonyeshwa alichoandika. Nanakili hapa kwa ushahidi:

"Kwa Mtambo wa Maji. Salaam sana. Ama baada ya salamu, mimi ni mzima wa afya, hofu na mashaka ni kwako wewe uliye mgeni hapa kwetu. Pole na safari. Jina langu ni Mwaija Mhina, karani mstaafu wa mkonge. Dhumuni la barua hii ni kukuomba maji ndoo mbili, ukipata nafasi. Wasalimie wote ulikotoka. Ni mimi katika ujenzi wa taifa, Mwaija."

Nikakimbia na ufunguo! Watu wakanipisha, mtaalamu anapita! Nikafika ofisini, nikafungua kufuli, nikaingia ndani. Mlikuwa na kiti. Ndicho pekee kilichokuwamo. Nikatoka, nikafunga.

Huko nje, jamani! Madumu, masufuria, mabeseni ya kufulia, mtu na sufuria ya pilau ikiwa bado na pilau. Wafugaji wakatokea na ng'ombe sijui kutoka wapi, nani aliwaambia? Hotuba ya Mzee Sabiri ikalowa yote mkononi mwake, akasimama na kanzu imemganda miguuni, akitazama maji yanavyoenda kwenye migomba ya jirani. Getruda ndiye aliyetembea, wala hakukimbia, hadi kwenye boksi la sola linaloupa mtambo umeme, akazima swichi, koki zikajifunga.

Tangi lilikuwa tayari tupu. Wanasema litachukua siku mbili kujaa.

Bibi Mwaija aliokota ndoo zake mbili. Tupu. Akawaambia watu si neno, mfereji bado upo. Nikamwangalia akishuka.

Kwa upande mwingine, haijapata kutokea Kwesungura maji mengi kiasi hiki yakatoka kwa siku moja, na yametoka chini ya usimamizi wangu.

Jumapili, 27 Julai

Kikao cha dharura. Nilikwenda na utetezi mzuri, nimeuandaa tangu alfajiri. Nikasema: mtambo ni mzima. Programu ni nzima. Tatizo ni bibi kusalimia. Angeandika MAJI 2 kama nilivyomfundisha, sote tungekuwa tunakunywa chai.

Nyuma mtu akasema lahaula.

Mzee Sabiri akauliza polepole: mwanangu, unasema Bi Mwaija amekosea kusalimia? Nikasema si kukosea, ni kuzidisha. Asnath, aliyekuwa amekaa na akina mama, akajifunika uso kwa kanga.

Bibi Mwaija akaomba kusimama. Akasema kama amemsumbua mtambo anaomba radhi. Lakini alivyofunzwa yeye, barua ni nusu ya kuonana, na mtu humtumi maji hata kabla hujajua ameamkaje. Tena mgeni. Makofi! Mwenyewe nilipiga mawili kabla sijakumbuka niko upande gani.

Getruda akaeleza. Chombo cha ujumbe ni cha herufi thelathini. Barua ya bibi ni zaidi ya mia tatu. Zilizozidi zikamwagikia jirani, palipokaa amri za kufungua na kufunga koki. Salamu haina kosa, akasema, kosa ni la chombo kisichopimwa. Kisha akaomba ripoti yangu ya kwanza. Akafungua ukurasa wa 56. Onyo namba 112, daraja la tano, la juu kabisa: mahali palepale! Halafu akaonyesha nakala yangu ya sifuri, mstari uleule, na pembeni yake ile alama ya kunyamazisha, niliyoiweka kwa mkono wangu.

Mzee Sabiri akaniuliza kama niliuona huo mstari. Nikajibu niliiona yote. Halafu ikanijia kama umeme: kumbe mimi ndiye niliyeugundua mwanya! Wa kwanza! Kabla ya mtu yeyote, kwa maandishi, ukurasa wa 56! Nikawaambia. Nikasubiri.

Hawakupiga makofi.

Nimerudisha ufunguo. Nimevua fulana palepale, nikarudi Korogwe na koti bila shati ndani. Getruda ndiye Mtaalamu wa Mtambo. Asnath alipofika nyumbani ameshusha sufuria kubwa kutoka darini na kuuliza gari la Mpale huondoka saa ngapi.

Nilijibu sijui. Ninajua. Saa saba.

Jumanne, 29 Julai

Nimekwenda Kwesungura kimyakimya, nikasimama nyuma ya watu.

Getruda na Godfrey wamepanua chombo na kuweka kipimo mbele yake. Ujumbe unapimwa kwanza, ukizidi unakatwa, haumwagiki. Na programu sasa inatafuta neno maji na idadi ya ndoo popote vilipo, hata katikati ya salamu. Bibi Mwaija akaombwa aandike tena. Akauliza aandike kwa kifupi? Getruda akamwambia: bibi, andika unavyoandika siku zote.

Dakika kumi na saba, watu wote wametulia. Akabonyeza. Simu yake ikalia. Mtambo umemjibu! "Salama bibi. Ndoo mbili zinakuja." Koki moja ikafunguka. Ndoo ya kwanza. Ndoo ya pili. Ikajifunga, tone halikuzidi.

Bibi alichota maji kwa kiganja, akanywa, akaketi kwenye ukingo wa zege na kulia wazi. Na mimi nikalia. Baadhi ya watu waligeuka kunitazama. Nikawapungia mkono, kama mwanzilishi.

Jumatano, 30 Julai

Sufuria zote zimeshafungwa. Godoro limekunjwa. Saa tano asubuhi akaingia nani? Getruda!

Akasema anahitaji mtu wa kuujaribu mtambo kila siku. Mtu wa kuutumia ujumbe ambao mwenye akili zake hawezi kuufikiria: mrefu kupita kiasi, wa namba tupu, wa matusi, wa mapenzi, vyovyote. Kila siku ujumbe mmoja, aangalie mtambo umefanya nini, aandike kwenye fomu. Mwanya mwingine ukiwepo tuuone sisi kabla haujamkuta bibi. Akasema alipofikiria nani anaweza kazi hiyo, jina langu lilikuja lenyewe. Asnath amecheka, mara ya kwanza wiki hii.

Akaongeza kwamba Bibi Mwaija ndiye aliyeniombea kwenye kamati. Kura sita kwa tano. Hakuna kiti, hakuna ufunguo, na nikiharibu safari hii hakuna wa kuniombea tena. Fomu ndiyo kila kitu, akasema. Wataitegemea.

Nikamjibu nitaliangalia ombi lake. Asnath akanikanyaga mguu. Nikakubali.

Asnath amefungua sufuria. Godoro ameliacha limekunjwa, eti tulale juu ya mkeka kwanza tuone. Lakini mimi naona mbali. Mshindi gani humfuata aliyeshindwa hadi dukani kwake? Getruda bila mimi hawezi!

Ijumaa, 1 Agosti

Nimefika kazini saa mbili kamili. Saa nne nimemaliza kazi.

Sisemi kazi ya leo. Nasema Agosti yote! Fomu ina mistari thelathini na mmoja, na mtu makini haachi mistari mitupu. Tarehe 1: nimetuma ujumbe mrefu, mtambo mzima. Tarehe 2: namba tupu, mzima. Tarehe 3: mapenzi, mzima, umejibu kwa heshima. Hivyo hivyo hadi chini. Sikupoteza hata ujumbe mmoja wa simu. Tarehe 8 ni Nane Nane, sikukuu, lakini nimeandika kwamba nilikuja.

Tarehe 19 nimeweka hitilafu ndogo, maana fomu safi mno inatia watu shaka, hilo nalo nimejifunza. Koki ilikwama. Nikaitengeneza mwenyewe, peke yangu, mvua ikinyesha. Bibi Mwaija akanishika mkono akanishukuru mbele ya watu. Nilipoisoma tena machozi yalinilengalenga.

Nimempelekea Asnath aione. Tarehe nimezifunika kwa kiganja, nimemwonyesha mistari ilivyojaa. Ameisoma, ameenda chumbani, ametandika godoro.

Kesho naanza Septemba.